Mtakatifu Hakaliwi

Furaha, binti yangu ambaye sasa ndiye mwenye makasi katika atelie yetu, ameniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza kazi yale niliyoyaona katika miaka yangu ya kushona, kabla macho na kumbukumbu havijakubaliana kuondoka pamoja. Macho yameshatangulia. Siku hizi natia uzi kwenye sindano kwa imani, si kwa kuona, na imani yangu, hata kama inafika punje ya haradali, bado haijatosha tundu la sindano.

Vyeo nilivyopata na fedha nilizolipwa nitaviacha. Mungu anavijua, na mke wangu pia. Nitaandika juu ya jambo moja tu, kwa kuwa ndilo litakalowasumbua zaidi: mtu anayekuja na nguo yake na kusema, "Papa, unigeuzie hii, iwe ya kisasa." Katika Goma yetu kitambaa kipya ni sikukuu, lakini kugeuza nguo ni mkate wa kila siku. Na kila anayekuja kugeuza anaamini kwamba nguo itatoka nzuri kuliko ilivyoingia. Mara nyingine ni kweli.

Nilianza kwa Muzee Kambale, fundi Mnande aliyetoka Butembo na kufungua kibanda cha mbao huko Birere, juu ya mawe meusi. Mimi nilikuwa nimeshuka kutoka milima ya Masisi, najua ng'ombe na katekisimu, basi. Siku ya kwanza aliniuliza:

"Unajua kushona?"

"Hapana, muzee."

"Muzuri. Sitakuwa na kazi ya kukusahaulisha."

Akanipa wembe na rundo la nguo kuukuu nizifumue. Nilifumua tangu Kwaresima hadi Majilio. Nilipoomba nikae kwenye mashini, alisema Musa alichunga kondoo miaka mingi kabla ya kuitwa, na kondoo hawakulalamika. Lakini kufumua kulinifundisha. Ukifungua mishono ya nguo unaona fundi alikuwa na haraka wapi, kitambaa kilimwishia wapi, na wapi alifunga macho akamwachia Mungu. Muzee alikuwa akisema: "Kila kitu kibaya kwenye nguo kiko na sababu yake. Tafuta sababu. Ukiikosa, tafuta tena. Ukiikosa tena, njo ukate," yaani ndipo ukate.

Kisha kulikuwa na mtihani wake. Hakuna nguo iliyotoka kibandani kabla mwenyewe hajaivaa na kufanya mambo ambayo mtu wa Goma hufanya kwa nguo yake. Alimwamuru mteja kama sajini: kaa, piga magoti, inua mikono, beba mutoto, panda pikipiki. Mtoto alikuwa mfuko wa maharagi uliofungwa mgongoni. Pikipiki ilikuwa benchi. Nimeona wake wa maofisa wa kambi ya jeshi ya Katindo, wanawake wa heshima kabisa, wamepanda benchi lile wakiwa na maharagi mgongoni na mikono juu, huku Muzee akiwazunguka na kusikiliza. Alisema mshono huzungumza kabla ya kupasuka, sawasawa na ndoa.

Hakuwa mtu wa kukataa mambo mapya, msije mkafikiri hivyo. Alinunua pasi ya umeme alipochoka kupuliza makaa. Umeme haukuja wiki ile, wala iliyofuata. Lakini pasi ile ilitufaa sana: ilikuwa nzito, tukaiweka juu ya vitambaa visipeperushwe na upepo wa ziwa, na tukaendelea kupiga pasi kwa makaa.

Kugeuza kwa kwanza nilikokushuhudia kulikuwa koti la mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Lilikuwa limepauka mabegani hadi watoto walidhani amemwagiwa chaki. Muzee alilifumua lote, akageuza kitambaa, kwa sababu upande wa ndani haujawahi kuona jua, akalishona upya. Likatoka kama jipya, ila mfuko wa kifuani, ule wa kalamu, ulikuwa umehama kutoka kushoto kwenda kulia. Hakuna njia ya kuuzuia. Ukigeuza kitambaa, kila kilichokuwa huku kinakwenda kule. Mwalimu akajitazama kwenye kioo.

"Muzee, mufuko umehama."

"Unaandika na mukono gani, mwalimu?"

"Wa kushoto."

"Basi. Miaka yote hii koti njo lilikuwa limekosea."

Mwalimu akachomoa kalamu kwa mkono wa kushoto, akairudisha, akaichomoa tena, akatabasamu kama mtu aliyeponywa. Wiki iliyofuata walimu wenzake wakaja wakitaka mfuko upande wa kulia, kwa kuwa walidhani ni mtindo wa Kinshasa. Wote walikuwa wa mkono wa kuume. Tuliwashonea, maana walisisitiza, na muhula ule wote ungewaona mbele ya darasa wakijikunjia mkono kifuani kutafuta kalamu kama watu wanaowashwa. Mabadiliko yaleyale, fundi yuleyule, kitambaa kilekile. Niliwaza juu ya jambo hilo kwa miaka mingi, na nilidhani nimelielewa, hadi ilipofika jubilei ya parokia.

Muzee Kambale alikuwa ameshakwenda kwa Bwana. Kazi yake kubwa iliyobaki duniani ilikuwa magauni ya kwaya ya kina mama: buluu ya mbingu, kutoka shingoni hadi kwenye kisigino, bila kiuno, bila umbo. Mama yeyote aliingia katika gauni lolote. Mama mjamzito aliingia, akajifungua, akarudi katika gauni lilelile bila kulijulisha. Yalikuwa magauni ya hekima. Lakini hayakuwa mazuri, na sitasema yalikuwa mazuri kwa sababu tu aliyeyashona alinifundisha. Siku moja, kwenye misa ya nje, upepo uliingia chini ya kwaya nzima wakati wa Utukufu, magauni yakajaa, na kina mama wakaonekana wako tayari kupaa kabla ya wakati wao. Kwaya ya Mugunga ilikuwa imealikwa. Wakawabatiza Parashiti, ile miavuli ya kurukia kutoka ndegeni. Tangu siku ile, kila walipopita sokoni, kuna mtu aliyepiga mluzi na kutazama juu.

Mama Josefina aliumia kuliko wote. Alikuwa ndiye prezidanti mpya wa kwaya, mchuuzi wa vikwembe, yaani vitenge, ambaye hufuata bidhaa zake mpakani Bunagana, na simu yake imejaa picha za nguo. Hakuwa na roho mbaya. Aliipenda kwaya yake kama mzazi anavyompenda mtoto anayechekwa shuleni, na mzazi wa namna hiyo anaweza kumvalisha mtoto chochote. Alikuja atelie akiwa amebeba mzigo wa kikwembe cha jubilei, kilichochapwa kwa ajili ya parokia: rangi ya dhahabu, na katikati, ndani ya duara kubwa kama sinia, uso wa mtakatifu msimamizi wetu akiwa na ndevu zake na mkono ulioinuliwa kubariki.

"Papa Anselmi, angalia hii." Akanipa simu. Ilikuwa picha ya mwanamke mwenye gauni ambalo sketi yake ilimbana hadi magotini, kisha ikafunguka chini kama mkia wa samaki.

"Ni muzuri," nikasema. "Huyu mama anaenda wapi?"

"Haendi fasi, Papa. Ni foto."

"Njo naona."

Lazima niwaeleze kwamba mwezi ule ule nilikuwa nimemkabidhi Furaha makasi, na nikaweka nadhiri ya kufunga mdomo ndani ya atelie kwa siku arobaini, kama wengine wanavyofunga nyama; maneno yale ya foto yalikuwa yamenitoka kwa bahati mbaya. Nilikaa kwenye kiti karibu na mlango nikisali rozari. Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Na Furaha hakukosa kuuliza.

"Mama Josefina, kwa modeli hii mbele kuna mustari wa vifungo. Duara la mutakatifu litaangukia wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma kwenye… nyuma?"

"Sikiliza, binti yangu. Kwaya ikipeleka matoleo kwa altare, watu wanaona nini? Mugongo yetu. Misa yote wanaona mugongo. Sasa acha mutakatifu awaangalie, awabariki, tukiwa tunaenda. Nani mwingine amewaza hivyo?"

Hakuna aliyekuwa amewaza hivyo. Na ukitafakari, ilikuwa ibada ya kweli. Furaha akasema kwamba uso wa mtu haukaliwi, kila fundi anajua. Mama Josefina akajibu kwamba siku ya jubilei hakuna atakayekaa, watakuwa wanacheza. Furaha akaomba kina mama waje wapimwe na wafanye mtihani wa benchi. Mama Josefina akajibu kwamba wameshapimana wenyewe nyumbani kwake. Hapo nikakaza rozari. Walikuwa wamepimana kwa upendo wa kidugu, na upendo, kama Maandiko yanavyotufundisha, husitiri mengi, hata sentimita.

Mtu aliyenitia wasiwasi alikuwa Mama Veronika. Wote mnamjua, anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, na mwili wake ni wa baraka. Kwa miaka mingi sauti yake ndiyo iliyoibeba kwaya ile, na mumewe, Papa Leonardi, ndiye aliyepiga ngoma. Leonardi alitunga wimbo mmoja tu maishani mwake, "Tumekuja na Mikono," wa kupeleka matoleo. Una beti tatu. Alipofariki, Mama Veronika aliendelea kuja kwaya, akasimama mahali pake, akachezesha midomo, lakini hakutoa sauti. Hakuna aliyemlaumu. Kisha, kwa ajili ya jubilei, alisema ataimba wimbo wa Leonardi, mara moja. Aliniambia mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni na beseni lake la samaki:

"Nikiimba, nitajua kama sauti iko ama ilienda naye. Nikikosa siku hiyo, Papa, sitajaribu tena."

Na Mama Josefina alikuwa ametangaza kwamba asiyevaa inifome mpya hapandi altareni.

Alhamisi kabla ya jubilei walifanya mazoezi kanisani na nguo mpya. Nilikwenda, na nilikaa nyuma. Waliingia kwa hatua fupifupi kama kuku waliofungwa miguu wakipelekwa sokoni. Walikuwa wanang'aa, siwezi kukataa. Walipopita mbele yangu kuelekea altareni, watakatifu wote walinitazama. Sitaeleza sana. Niseme tu kwamba mtakatifu aliyechapwa mahali pale hawezi kutulia, na kila hatua ilimfanya akonyeze jicho, mara la kuume, mara la kushoto. Niliinamisha kichwa nikasoma Salamu Maria hadi wakafika.

Padiri akatoka sakristia. Ni kijana, lakini amesikia maungamo mengi na hashangai haraka.

"Muko muzuri kabisa," akasema. "Kaeni kwanza tuongee."

Hakuna aliyekaa.

"Kaeni, wamama."

"Padiri, hatuwezi," akasema mmoja.

"Juu ya nini?"

Kisha sauti ikatoka kwenye benchi la nyuma, karibu nami:

"Mimi naweza kukaa, Padiri. Juu mimi sijaivaa."

Alikuwa Mama Veronika, katika nguo zake za kila siku, na inifome yake mpya ndani ya mfuko wa plastiki magotini. Haikufunga. Ilikuwa imekataa kufika, pengo la upana wa mkono mzima.

Padiri akawazunguka, akaona kilichokuwa nyuma. Nilimwona akiuma mdomo, na nadhani ndipo alipoomba neema ya kutocheka.

"Wamama wangu. Mutakatifu hakaliwi."

"Hatutakaa, Padiri!" akasema Mama Josefina. "Tutasimama misa yote. Tumekubaliana."

"Na kupiga magoti?"

Mmoja akajaribu kumwonyesha. Alifika katikati, akabaki hapo kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda, na walihitajika watatu kumrudisha juu. Wawili wengine wakajaribu kupanda ngazi ya altare. Miguu haikuinuka. Wakaruka kwa pamoja, miguu miwili, kama shomoro, na mmoja akafika.

"Mutakatifu aje mbele," akasema Padiri. "Na mutu aweze kupiga magoti. Ama muvae zile za buluu."

"Parashiti?" Mama Josefina alikuwa karibu kulia. "Mbele ya watu wa Mugunga? Padiri, afazali nisiende." Kisha akamgeukia Mama Veronika, na hakusema kwa ukali, alisema kwa uchovu: "Mama Vero, kama yako haifungi, itabidi tumupe mwingine huo wimbo. Unisamehe."

Mama Veronika akakunja mfuko wake polepole. "Hakuna neno," akasema, lakini mikono yake ilisema neno.

Kesho yake asubuhi atelie ilijaa rangi ya dhahabu. Kumleta mtakatifu mbele kulikuwa rahisi: Furaha aligeuza inifome zote, nyuma ikawa mbele, na vifungo vikahamia mgongoni ambako hakuna mkono unaovifikia, kwa hiyo ilibidi kina mama wafungane wenyewe kwa wenyewe. Mtakatifu sasa alikuwa tumboni. Kwa wembamba alibaki na uso wake mrefu wa kufunga. Kwa wale waliobarikiwa, alinenepa mashavu.

"Angalia, amekula jubilei kabla yetu," akasema mmoja akijipapasa tumbo.

Lakini magoti bado hayakukunjika, na kitambaa cha jubilei kilikuwa kimekwisha, mpaka vipande vya kufutia mikono. Furaha akasimama na makasi mkononi, akanigeukia.

"Papa, nadhiri yako inabakia siku ngapi?"

"Imeisha sasa hivi," nikamjibu, na Mungu anisamehe hesabu.

Nikamwambia zile sketi zinahitaji kupumua ubavuni, pembe tatu kila upande, nyembamba juu na pana chini. Akasema anajua hilo tangu jana, ila pembe tatu za kitambaa gani? Mama Veronika, ambaye alikuwa amekuja kurudisha inifome yake tu, akafungua mfuko mwingine. Akatoa gauni lake la buluu, limefuliwa na kukunjwa.

"Mukate hii."

"Mama Vero, hapana," akasema Furaha.

"Kata. Leonardi alikuwa anasema akiwa kwa ngoma haoni wimbo, haoni Padiri, anaona buluu yangu tu. Sasa nani ananiangalia? Kata, mutoto, kabla nibadilishe mawazo."

Wenzake wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakaenda nyumbani kuleta parashiti zao.

Najua baadhi yenu mnaosoma Biblia mmeshashtuka. Bwana wetu alituonya juu ya kiraka kipya kwenye vazi kuukuu. Mimi nimelitafakari fumbo lile kwa sindano mkononi, na nawahakikishia aliyelisema aliwajua mafundi. Kitambaa kipya hakijafuliwa, siku kikifuliwa kitanywea, na kikinywea kitavuta kile kikuukuu na kukirarua. Lakini sisi tulitia kiraka kikuukuu kwenye nguo mpya, jambo ambalo Bwana hakulikataza. Buluu ile ilikuwa imefuliwa kwa miaka na imemaliza kunywea kote. Dhahabu ndiyo ambayo ingenywea, kwa hiyo tuliiachia nafasi kwenye mishono. Andikeni hilo mahali.

Tulishona Ijumaa na Jumamosi mchana kutwa. Inifome ya Mama Veronika ilimeza gauni lake lote: tulifungua ubavu kutoka kwapani hadi chini, pande mbili, tukaingiza buluu pana kama mapazia. Alipoivaa na kunyoosha mikono ilifunguka kama mabawa ya kuku anayelinda vifaranga. Furaha akatoa benchi nje. Kaa, piga magoti, inua mikono, beba mutoto, panda pikipiki. Walicheka hadi majirani wakatoka. Hakuna mshono uliolia. Walipotembea, buluu ilijitokeza na kujificha ubavuni. Mimi niliyeyajua magauni ya Muzee na kuiona ile picha kwenye simu, nilikiri moyoni kwamba kitu hiki cha tatu kiliyashinda yote mawili.

Mama Josefina peke yake hakukubali kukatwa.

"Mutu mumoja abaki sawa foto," akasema. "Mimi nitaongoza tu. Sipigi magoti."

"Panda angalau benchi, Mama," Furaha akamsihi.

"Benchi ni ya wale wanaoenda kwa pikipiki. Mimi nitaenda kwa miguu, polepole."

Siku ya jubilei kanisa lilijaa hadi madirishani, na watu wa Mugunga walikuwa wamekaa mbele kabisa, wamejiandaa kutazama juu. Hawakupata cha kutazama. Kwaya ilipoingia wakasahau kupiga mluzi.

Ukafika wakati wa matoleo. Mama Josefina akaongoza, akiwa ameshika kamba ya mbuzi, kwa hatua zake za kuku. Nyuma yake Mama Veronika na kikapu cha maharagi, kisha wengine na ndizi na mihogo. Ngoma ikaanza. Mama Veronika akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kidogo sana, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Furaha alinishika mkono. Mama Veronika akaanza tena neno lilelile. Safari hii mlango ukafunguka wote. Nilisikia kanisa zima likivuta pumzi. Ubeti wa kwanza, wa pili. Wakafika mbele ya Padiri, na wa tatu ukakaribia mwisho.

Ndipo mbuzi alipoona mihogo nyuma yake, akageuka kuifuata kwa nguvu zote. Mama Josefina akavutwa, akapiga hatua moja ya kweli, hatua ya mtu anayekwenda mahali. Sketi haikuwa na njia. Vifungo vikaanza kuruka kutoka chini kwenda juu, kimoja kimoja, kama mahindi kwenye kikaango. Kimoja kilipiga ngoma, na mpigaji, akidhani ni ishara, akaongeza mwendo.

Mgongo wake ulikuwa kwa watu wote, na watu wa Mugunga walikuwa hatua chache tu kutoka pale. Lakini hawakuona kitu. Mama Veronika alikuwa ameshaweka kikapu chini, ameruka mbele, amejibandika mgongoni mwa prezidanti wake, na amefungua buluu zote mbili kwa mikono akamfunika kulia na kushoto. Kutoka pale tulipokaa ulionekana kama mchezo waliojifunza. Tatizo likawa moja. Ubeti wa tatu ulikuwa umebakiza maneno mawili, na wimbo ukiisha kila mmoja lazima ageuke arudi kwenye kiti chake.

Mama Veronika hakuumaliza. Alipandisha sauti na kuanza ubeti ambao hakuna aliyewahi kuusikia:

"Tumekuja na maharagi, Bwana pokea!"

Kwaya, iliyozoea kumfuata, ikajibu: "Pokea!"

"Tumekuja na sambaza, Bwana pokea!"

"Pokea!"

"Dada yangu usikimbie, Bwana hana haraka!"

"Hana haraka!"

Wakaanza kusogea kwa ubavu, wawili kama mmoja, hatua mbili kulia, wanasimama, hatua mbili tena. Mbuzi aliwafuata.

"Pitia kando ya ukuta, dada, kuna neema ukutani!"

"Neema ukutani!" likajibu kanisa zima, na wazee walifunga macho kwa ibada.

"Shika nguo yako, dada, usiiachie dunia!"

"Usiiachie!"

Nilihesabu beti saba kisha nikaacha, kwa sababu nilikuwa nalia na kucheka na sikutaka kufanya yote matatu. Aliimba shukrani kwa mvua, kwa soko, kwa umeme siku unapokuja. Sauti ilikuwa inazidi kukua. Walipofika kwenye benchi la kwaya, Mama Josefina akakaa kwa kishindo, mtakatifu akiwa mbele, salama, na Mama Veronika akaitua amina yake juu sana, akaishikilia hapo hadi tukaogopa kwa ajili ya vioo.

Baada ya misa Padiri alitukuta uani. Mama Josefina alikuwa amejifunga kikwembe cha mtu mwingine kiunoni, na alikuwa amemshika Mama Veronika mkono hataki kumwachia.

"Mama Vero," akasema Padiri, "zile beti zingine, marehemu alikuwa amezificha wapi?"

"Hakuzificha, Padiri. Siku zote nilimwambia huo wimbo ni mufupi. Alikuwa mukaidi tu."

Na tangu siku ile anaimba, kila Jumapili.

Mnaniuliza mara nyingi nguo igeuzwe lini na iachwe lini. Ningependa kuwapa kanuni, lakini nilichonacho ni swali nililomuuliza Mama Josefina siku ya kwanza: huyu anayeivaa anaenda wapi? Ulizeni hilo kabla ya kushika makasi, na benchi liwe nje, si stoo. Mengine Mungu atawapa kadiri mnavyofumua, kama alivyonipa mimi, bila haraka na bila kunihesabia vitambaa nilivyoharibu.

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye ndoa huko Mugunga. Wakati wa matoleo kwaya yao ikasimama, na nikasikia ngoma ya wimbo wa Leonardi. Wanaimba beti zote, hata ule wa ukuta. Walipokwenda altareni walikuwa wawili wawili, mmoja amejibana mgongoni mwa mwenzake, amemfunika kwa mikono pande zote mbili, wanasogea kwa ubavu hatua mbili mbili, kwa heshima kubwa. Nilipotoka nilimwuliza kiongozi wao ile hatua wameitoa wapi.

"Papa," akanijibu, akinionea huruma kidogo kwa kutojua kwangu, "wimbo huu bila hatua hiyo haukamiliki. Maana yake ni kumufuata Bwana karibu, mupaka nafasi isibaki katikati."

Nikavua kofia, nikasema amina.